Shajara ya mradi: seva ya hati za programu kwa barua pepe, Wete

Shajara hii naiweka kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa kompyuta wa Unguja na Pemba watakaotaka kuiga kazi hii. Mradi wenyewe ni huu: mtu anatuma barua pepe yenye amri fupi, na kompyuta ndogo iliyopo Wete inamrejeshea hati aliyoiomba, ikiwa ni maandishi matupu. Inaweza kuwa sura ya mwongozo wa lugha ya Python, RFC (hati inayoeleza kanuni za intaneti), au maelezo ya amri ya Linux. Kila hatua ikikamilika nitaongeza hapa. Yaliyokwenda sawa nitayapita haraka. Yaliyokwama nitayaeleza kwa urefu, maana hapo ndipo atakayeiga atakapopoteza muda wake.

13 Januari 2024: kwa nini barua pepe

Wanafunzi wangu wametawanyika: wengine Wete mjini, wengine Konde, wengine Micheweni na vijiji ambavyo simu hushika mtandao ukitoka uwanjani tu. Mjini 4G ipo na ina nguvu. Kinachowashinda ni bando. Kijana ananunua kifurushi cha siku, anatafuta namna ya kutumia kamusi (dict) ya Python, ukurasa unamletea picha, video na matangazo, na mpaka afike kwenye mistari kumi aliyoitaka kifurushi kimeshakwisha. Kesho akitaka kuisoma tena, anaanza upya.

Barua pepe haina papara. Unaandika hata kama huna mtandao, inakaa kwenye simu, na mtandao ukipatikana dakika moja barabarani inaondoka. Jibu linaingia vivyo hivyo, na likishaingia linabaki kwenye simu, unalisoma bure siku zote.

Njia hii ina historia ndefu. Mwaka 1985 Jack Dongarra na Eric Grosse walianzisha Netlib: mtafiti alituma barua yenye maneno "send index", na kompyuta ikamjibu kwa orodha ya programu za hisabati alizoweza kuziomba. Baadaye Paul Vixie, akiwa katika kampuni ya kompyuta ya DEC, akaandika ftpmail, ambayo ilimwezesha mtu mwenye barua pepe peke yake kuchukua faili kutoka seva za FTP, njia ya zamani ya kupeana faili. Chuo Kikuu cha Princeton nacho kilikuwa na BITFTP kwa watu wa BITNET, mtandao wa vyuo vikuu. Watu wengi wa nchi zenye mtandao hafifu walisomea programu kwa njia hiyo. Niliandikia anwani kadhaa zilizomo kwenye miongozo ya zama hizo, na barua zote zikarudi na ujumbe kwamba anwani hazipo. Basi tunajenga yetu.

28 Januari 2024: vifaa na hati

Kompyuta ni Raspberry Pi 4 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, iliyokwishatumika, shilingi 220,000. Kadi ya gigabaiti 32, shilingi 28,000. Modemu ya laini ya simu, nayo iliyokwishatumika, shilingi 60,000. Anwani ya barua pepe ni ya bure kwa mtoa huduma wa kawaida. Sikuona haja ya kuendesha seva kamili ya barua hapa, kwa sababu laini ya simu haina anwani ya kudumu ya intaneti, na barua zinazotoka kwenye anwani kama hizo hukataliwa na wapokeaji wengi. Kompyuta yetu inakwenda kwa mtoa huduma kuchukua barua kwa IMAP na kutuma majibu kwa SMTP. Programu nimeiandika kwa Python, na moduli zote zinazohitajika, yaani imaplib, smtplib, email na sqlite3, zinakuja na lugha yenyewe.

Hati nilizishusha Chake Chake, kwenye ofisi ya rafiki yenye intaneti nzuri, nikaja nazo kwenye flashi. Mwongozo wa Python 3.12 unapatikana katika umbo la maandishi matupu, umefungwa kwenye faili moja. RFC karibu zote zinapatikana vivyo hivyo. Kabla ya kuingiza chochote nilisoma leseni yake. Leseni ya Python inaruhusu kusambaza. RFC zinaruhusiwa kunakiliwa zikiwa nzima bila kubadilishwa, kwa hiyo kichwa na tamko la haki vilivyomo ndani haviguswi. Vitabu vya PDF ambavyo vijana hupeana kwa WhatsApp sikuingiza hata kimoja. Nimeombwa, nimekataa. Hii ni kazi ya skuli na nataka isimame juu ya kitu cha halali.

11 Februari 2024: amri, na vidole vya watu

Amri ni nne: MSAADA, ORODHA, TAFUTA na LETE. Kwenye meza yangu zilifanya kazi siku ya kwanza. Zilipoingia mikononi mwa watu mambo yakawa mengine.

Kibodi za simu nyingi zimewekwa Kiingereza, na "lete" zinaigeuza kuwa "Let" bila kuuliza. Wengine waliandika "leta", na hawana kosa. Sasa programu inapokea lete, leta na let, kwa herufi kubwa au ndogo. Majina ya hati nayo niliyaondoa kwenye amri, kila hati ikapewa namba. Mtu haandiki "tutorial/controlflow", anaandika LETE 214, na hakuna kibodi itakayosahihisha namba.

Lililosumbua zaidi ni kitufe cha kujibu. Mwanafunzi akishapata hati ya kwanza, akitaka ya pili hafungui barua mpya. Anajibu ileile, anaandika amri mpya ndani. Programu ilikuwa inasoma mada tu, na mada bado inasema "Re: LETE 214", kwa hiyo anapelekewa sura ileile tena na tena, na bando lake linaliwa. Suluhisho: mada ikianza na "Re:", programu inaiacha na kusoma mstari wa kwanza wenye maandishi ndani ya barua. Mada ikiwa tupu, inafanya hivyohivyo. Mistari yote inayofuata inapuuzwa, na hapo tukaponyoka pia na zile saini za "Imetumwa kutoka simu yangu" ambazo programu ilikuwa inazijibu kwamba haizielewi.

ORODHA nayo ilipaswa kupunguzwa. Faharasa ya RFC peke yake inazidi megabaiti moja, na kumpelekea hiyo mtu aliyetaka hati moja ni kumkomoa. Sasa ORODHA inaleta makundi tu, na TAFUTA ikifuatiwa na neno inaleta vichwa visivyozidi ishirini pamoja na namba zake.

25 Februari 2024: alama ya sawasawa

Mwanafunzi wa Micheweni aliandika: "Maalim, hii x =3D 5 ni Python gani? Nimeiandika kama ilivyo na kompyuta inanikatalia." Nikaangalia hati niliyompelekea. Kila penye alama ya sawasawa pameandikwa =3D, na mistari mirefu imekatwa katikati ikaishia na alama ya sawasawa pweke.

Kwa anayesoma shairi hilo lingekuwa jambo dogo. Kwa anayesoma programu ndiyo kila kitu, kwa sababu alama hiyo imo karibu kila mahali.

Chanzo chake ni hichi. Barua pepe ilizaliwa kwa ajili ya herufi za ASCII za biti 7, yaani herufi za msingi za Kiingereza. Mwaka 1992 ulipokuja utaratibu wa MIME, ikawekwa njia ya kupitisha herufi nyengine inayoitwa quoted-printable: herufi isiyo ya kawaida inaandikwa kwa alama ya sawasawa ikifuatiwa na namba yake ya msingi wa 16. Kwa kuwa alama ya sawasawa imepewa kazi hiyo, yenyewe nayo lazima iandikwe kwa namba yake, na namba yake katika ASCII ni 3D. Mstari nao hauruhusiwi kuzidi herufi 76, ukizidi unakatwa na alama ya sawasawa inawekwa mwisho. Simu ikiipokea barua inatakiwa iyarudishe yote hayo, lakini itajuaje? Kwa kichwa cha barua kinachoitwa Content-Transfer-Encoding. Vichwa vya barua huishia kwenye mstari mtupu wa kwanza. Katika programu vichwa vilikuwa vinaunganishwa kwa mkono, kipande kwa kipande, na mstari mtupu mmoja uliingia juu ya kichwa hicho. Kikaangukia ndani ya mwili wa barua, na simu hazikukiona.

Suluhisho si kuuondoa mstari ule tu. Suluhisho ni kuacha kabisa kuunganisha vichwa kwa mkono. Python ina EmailMessage: unaipa maandishi kwa set_content, nayo inapanga vichwa vyote kwa utaratibu. Atakayeiga aanze na hiyo moja kwa moja.

Mwalimu mwenzangu aliuliza kwa nini nisitumie base64 kwa kila kitu ili nisahau habari hizi. Base64 inageuza kila baiti 3 kuwa 4, yaani hati inanenepa kwa thuluthi moja daima. Quoted-printable kwa maandishi ya Kiingereza inaongeza kidogo sana. Wanaolipia kila megabaiti ni wanafunzi, kwa hiyo tumebaki na quoted-printable.

Wakati huohuo tulirekebisha ukataji wa hati ndefu. Mwanzo hati ilikatwa kila ikifika baiti 60,000 kamili. Mkato uliangukia katikati ya mfano wa programu, na mara nyengine katikati ya herufi moja, kwa sababu zile alama za kunukuu zilizopinda huchukua baiti 3 katika UTF-8, utaratibu wa kuhifadhi herufi, na ukizipasua inabaki takataka. Sasa mkato unarudi nyuma mpaka mstari mtupu ulio karibu, na kila kipande kina "sehemu 2 kati ya 5" kwenye mada. Anayekosa kipande anaandika LETE 214 SEHEMU 2, haletewi vyote.

10 Machi 2024: kitanzi cha usiku

Mmoja wa watumiaji wetu aliweka jibu la kujiendesha kwenye barua yake: yupo safarini, atajibu akirudi. Seva yetu ilipompelekea hati, jibu lile likaja. Seva ikalisoma kama amri, haikuielewa, ikajibu kwamba haikuelewa amri. Likaja jibu jengine la safari. Mashine mbili zikaandikiana usiku kucha, hakuna aliyechoka, na asubuhi kifurushi cha modemu kilikuwa kimekwisha.

Dawa ya jambo hili imeandikwa tangu 2004 katika RFC 3834, na nawaomba wote wanaotaka kuandika programu yoyote inayojibu barua waisome kwanza. Kiini chake: barua iliyoandikwa na mashine iwe na kichwa cha Auto-Submitted, na mashine isiijibu barua yenye kichwa hicho, isipokuwa kama thamani yake ni "no". Nimeweka Auto-Submitted: auto-replied kwenye kila jibu letu, na programu haijibu barua yenye kichwa hicho, wala barua ambayo Return-Path yake (anwani ya kurudishia) ni tupu, maana hizo ni taarifa za barua zilizoshindwa kufika.

Lakini hayo hayakutosha. Tulipojaribu tena na mtumiaji yuleyule, kitanzi kilirudi, kwa sababu programu yake ya safari haiweki kichwa hicho. Huwezi kumtegemea mwenzako afuate adabu. Kinga iliyofanya kazi ni kuhesabu: seva inajibu "sijaelewa" mara moja tu kwa siku kwa kila anwani, na anwani moja haipati zaidi ya majibu thelathini kwa siku. Hesabu inawekwa ndani ya SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye kadi, haipotei umeme ukiondoka.

24 Machi 2024: foleni

Tumo ndani ya Ramadhani. Vijana wanasoma baada ya tarawehe, na wote wanaomba hati kwa wakati mmoja. Mtoa huduma wa barua aliona anwani moja inamwaga majibu mengi kwa mkupuo, akaifunga kwa muda akidhani ni watu wa barua taka. Sasa majibu yanaingia kwenye foleni na yanatoka moja moja, sekunde 20 kati ya moja na jengine. Hati nzito zenye sehemu nyingi zinasubiri mpaka usiku mkubwa, zinatoka wakati watu wameamka kula daku. Malalamiko yamekuwa machache kuliko nilivyotarajia, mtu akishajua kwamba jibu lake lipo njiani hana haraka.

21 Aprili 2024: umeme, na maombi yaliyopotea

Mvua za masika na umeme havikai pamoja. Umeme ukiondoka seva inazimika, na hilo lenyewe si baya: barua zinabaki kwa mtoa huduma zikisubiri. Ubaya ulikuwa kwenye zile zilizokuwa nusu njia. Wanafunzi watatu walisema hawakujibiwa kabisa, na kweli, maombi yao yalionekana kwenye sanduku yamekwishasomwa lakini majibu hayapo.

Ukichukua barua kwa IMAP kwa kuomba RFC822 au BODY[], seva ya barua inaitia alama ya \Seen, yaani imesomwa, papo hapo. Programu ilikuwa inatafuta barua ambazo hazijasomwa. Umeme ukikatika baada ya kuchukua na kabla ya kujibu, barua ile imeshahesabiwa kuwa imesomwa na haitatazamwa tena. Suluhisho ni kuomba BODY.PEEK[], ambayo inachungulia bila kutia alama, halafu kuitia alama wenyewe baada ya jibu kuondoka. Hapo likaja la pili: umeme ukikatika baada ya kujibu na kabla ya kutia alama, mtu anajibiwa mara mbili. Kwa hiyo Message-ID (kitambulisho) ya kila ombi inaandikwa kwenye SQLite pamoja na hatua iliyofikia. Kurudia kunaweza kutokea bado katika upenyo wa sekunde moja hivi, na hilo nimelikubali. Afadhali mtu apate mara mbili kuliko akose.

Jengine lililonichukua muda ni la saa. Raspberry Pi 4 haina betri ya saa. Umeme ukirudi inaanza na saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho, hata kama tangu hapo umepita usiku mzima, mpaka ipate intaneti na kusahihishwa. Modemu huchelewa kuunganika kuliko kompyuta kuwaka. Katika muda huo programu ilikuwa inaandaa majibu yaliyobaki kwenye foleni na kuyapa tarehe ya jana. Kwenye simu zinazopanga barua kwa kichwa cha Date, jibu liliingia chini ya barua za zamani, na mwenyewe anasema hakupata kitu. Fundi mmoja wa Chake alinishauri ninunue saa ya DS3231, na ushauri wake ni mzuri kwa mwenye hela. Mimi nimewasha systemd-time-wait-sync, huduma ya Linux inayosubiri saa isahihishwe, na kuifanya programu isianze kabla ya time-sync.target, yaani kabla saa haijawa sawa. Haikugharimu chochote.

Nimeongeza pia betri ndogo ya kushikilia modemu na kompyuta umeme unapokatika kwa muda mfupi, shilingi 75,000.

19 Mei 2024: nyaya za baharini

Jumapili iliyopita, tarehe 12, nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari zilipata hitilafu na Tanzania nzima ikadorora. Kurasa za tovuti zilikuwa hazifunguki kabisa. Nilikaa na kumbukumbu za seva wiki nzima, kwa sababu huu ndio mtihani ambao nisingeweza kuupanga mwenyewe.

Majibu yalichelewa, mengine kwa saa kadhaa, lakini yalifika. Barua pepe imejengwa hivyo tangu asili. RFC 5321 inasema mtumaji akishindwa kufikisha asubiri angalau dakika 30 kabla ya kujaribu tena, na asikate tamaa mpaka zipite siku 4 au 5. Foleni yetu nimeifuatisha na kanuni hiyohiyo. Mwanafunzi wa Konde aliomba sura ya data structures Jumatatu asubuhi akaipata usiku, na Jumanne alileta kazi yake imekamilika. Nimefurahi sana.

9 Juni 2024: hati zilizopitwa na wakati

Mwanafunzi aliomba RFC 793 ya TCP, ya mwaka 1981, kwa kuwa ndiyo iliyotajwa kwenye kitabu chake. Seva ikampa. Lakini RFC hiyo nafasi yake imechukuliwa na RFC 9293 tangu 2022, na yeye hana njia ya kujua. Yapo mengi ya namna hii: 822 ilifuatiwa na 2822, kisha 5322.

Faharasa rasmi ina maneno "Obsoleted by" pembeni ya kila hati kama hiyo. Programu sasa inayasoma na kuweka mstari juu ya jibu: "Hati hii imechukuliwa nafasi na RFC 9293. Kuipata andika LETE na namba hii." Hati ya zamani bado inapelekwa, nzima, maana wapo wanaoihitaji. Mstari wetu unakaa nje ya hati, juu yake, umetengwa kwa mistari ya nyota, ili asionekane mtu amebadilisha maandishi ya RFC.

30 Juni 2024: hesabu, na kwa anayetaka kuiga

Vifaa vyote: shilingi 383,000. Kifurushi cha modemu ni kama 15,000 kwa mwezi na hakijawahi kwisha tangu tulipoziba kitanzi. Mwenye kompyuta mpakato ya zamani iliyolala kabatini anaweza kuitumia badala ya Raspberry Pi. Betri yake hata ikiwa mbovu kiasi itashikilia umeme unapokatika, na ina saa yake, kwa hiyo tatizo la tarehe hatalipata.

Ukitaka kuanza kwako, usianze na hati nyingi. Weka sura za mwanzo za mwongozo wa Python tu, wape watu watano, na uache kinga za kitanzi ziwepo kabla hujamwonyesha mtu yeyote anwani. Badilisha neno la siri la barua kwa lile maalumu la programu ambalo watoa huduma wengi hulitoa, usiweke la akaunti yako. Kinachofuata kwangu ni kuingiza kurasa za maelezo ya amri za Linux, ambazo leseni zake zinatofautiana, hii na ile, na lazima zisomwe kila moja. Pia nimeanza kufasiri sura ya kwanza ya mwongozo kwa Kiswahili. Ikiwa tayari itaingia kwenye kundi lake ndani ya ORODHA, na nitaandika hapa ilivyopokelewa.